Kuchagua vifaa vya kupigia picha za makro: mwongozo kwa wanaoanza Arusha na Moshi

Maswali yanayoletwa na watu wanaotaka kuanza kupiga picha za vitu vidogo yanafanana mno. Ninunue kamera gani? Lenzi niliyonunua pamoja na kamera haitoshi? Kwa nini nyuki wangu kwenye picha anaonekana kwa ukali, bila ukungu, kwenye bawa moja tu? Wanaouliza ni waongoza wageni wanaotaka kuonyesha wadudu na maua ya msitu wa Kilimanjaro, maafisa ugani wanaohitaji kumpelekea mtaalamu picha ya kutu ya majani ya kahawa, na wafanyabiashara wa vito wa Arusha wanaotaka mnunuzi wa mbali aione tanzanaiti kama ilivyo. Mwongozo huu umeandikwa ili kuwajibu kwa pamoja, na msimamo wake ni kwamba uchaguzi uanze na kitu kinachopigwa, ufuate lenzi, kisha mwanga, na kamera yenyewe ije mwisho. Anayeanza na kamera kwa kawaida humaliza fedha hapo hapo, akabaki na mashine nzuri isiyoweza kumsogelea sisimizi.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tafuta rula yenye milimita zinazosomeka vizuri na tochi ndogo yenye mwanga mkali. Kusanya lenzi zote ulizonazo, hata zile za zamani, na uandike kipenyo cha mbele cha kila moja. Kipenyo hicho huandikwa kwenye ukingo wa lenzi pembeni mwa alama ya duara lililokatwa na mstari, kwa mfano 52, 58 au 67. Andika pia aina ya mlango wa lenzi wa kamera yako: Canon EF au RF, Nikon F au Z, Sony E, na kadhalika, kwa sababu pete na adapta za mfumo mmoja haziingii kwenye mwingine. Kisha tenga bajeti yako mapema. Kwa anayeanza bila kitu chochote, ningeshauri karibu nusu iende kwenye lenzi, robo kwenye mwanga, na kilichobaki kitafute kamera iliyotumika.

Kama una simu tu, usikate tamaa. Lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera ya simu inatosha kabisa kwa afisa ugani anayetaka vidukari waonekane kwenye jani la kabichi. Hatua zinazofuata ni za yule anayetaka kwenda mbele zaidi.

Hatua

1. Pima kitu unachotaka kukipiga.

Nadharia unayohitaji hapa ni ndogo. Ukuzaji wa 1:1 maana yake ni kwamba kitu cha milimita kumi huchora taswira ya milimita kumi kwenye sensa ya kamera, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36, na ile ya APS-C, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kamera nyingi za bei ya kati, ina upana wa milimita 22 hadi 24. Kwa hiyo nyuki mwenye urefu wa milimita 12 atajaza nusu ya fremu ya APS-C kwa ukuzaji wa 1:1, nawe utaridhika. Tanzanaiti iliyokatwa yenye upana wa milimita 6 itajaza robo tu, hivyo utalazimika kuipunguza picha pembeni au kutafuta ukuzaji wa 2:1. Kidukari wa milimita 2 hatafika hata sehemu moja ya kumi ya fremu. Kishada cha maua ya mbuni (mti wa kahawa), kwa upande mwingine, hakihitaji 1:1 kabisa. Nusu yake yatosha.

Andika vitu vitatu unavyotarajia kuvipiga mara nyingi, upime kila kimoja kwa rula, kisha ujue ukuzaji unaouhitaji. Usiruke hatua hii. Ndiyo inayomwokoa mtu asinunue lenzi ya gharama kubwa kwa kazi ambayo pete ya bei ndogo ingeifanya.

2. Fikiria utaruhusiwa kukaribia kiasi gani.

Umbali wa karibu kabisa unaoandikwa kwenye lenzi hupimwa kutoka kwenye sensa, si kutoka kwenye kioo cha mbele. Lenzi ya makro ya milimita 100 ya Canon, kwa mfano, hufokasi (hutoa taswira kali) kuanzia sentimita 30 hivi, lakini ukiondoa mwili wa kamera na urefu wa lenzi yenyewe unabakiwa na takriban sentimita 14 kati ya kioo na mdudu. Lenzi ya Nikon ya milimita 40 hufika 1:1 ile ile, ila inakuachia kama sentimita tatu na nusu. Kwa jiwe lililo mezani sentimita tatu zinaweza kuvumilika, ingawa kivuli cha lenzi kitakusumbua. Kwa kereng'ende kando ya Ziwa Duluti hazina maana yoyote, kwa sababu ataruka kabla hujafika.

Wadudu wanaoruka na kinyonga, akiwemo yule wa pembe mbili anayepatikana Kilimanjaro na Meru, wanahitaji lenzi ya milimita 90 hadi 105. Maua, kuvu, magome ya miti na mawe yanakubali milimita 50 hadi 60.

3. Chagua njia ya kukuza.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo soma polepole. Njia ni nne, na iliyo bora kwako hutegemea lenzi uliyonayo sasa.

Njia ya kwanza ni lenzi ya nyongeza inayofungwa mbele ya lenzi uliyonayo. Raynox DCR-250 yenye nguvu ya dayopta 8 ndiyo inayofahamika zaidi, na kibano chake hushika lenzi zenye kipenyo cha milimita 52 hadi 67. Nguvu yake huongezeka kadiri lenzi inavyokuwa ndefu: ukiifunga kwenye lenzi iliyovutwa hadi milimita 200, unapata ukuzaji wa takriban 1.6, huku mdudu akiwa umbali wa sentimita 12 hivi. Aliye na lenzi ya 55-250mm au 70-300mm hana sababu ya kutafuta kitu kingine mwanzoni. Epuka seti za vioo vinne vya bei ya chini sana vyenye kipande kimoja cha kioo kila kimoja, kwa maana hutoa kingo zenye rangi ya zambarau na pembe zisizo na ukali.

Njia ya pili ni pete za kurefusha, ambazo ni mirija mitupu isiyo na kioo, hukaa kati ya kamera na lenzi. Ukuzaji unaoongezwa ni urefu wa pete ukigawanywa kwa urefu wa lenzi. Pete ya milimita 36 kwenye lenzi ya milimita 50 inaongeza 0.72, jambo kubwa. Pete ile ile kwenye lenzi ya milimita 250 inaongeza 0.14 tu. Kwa hiyo pete ni za lenzi fupi, na lenzi ya nyongeza ni ya lenzi ndefu. Wanaochanganya mambo haya mawili ndio wanaodai kwamba vifaa hivi havifanyi kazi. Hata ufupi una mpaka: ukiifunga pete hiyo kwenye lenzi ya milimita 18, sehemu yenye ukali itaangukia ndani ya lenzi yenyewe.

*Onyo:* nunua pete zenye miguso ya umeme ya rangi ya dhahabu kwenye pande zote mbili. Zisizo na miguso haziiwezeshi kamera kufunga tundu la lenzi (mwanya unaopitisha mwanga; namba ya f ikikua, mwanya hupungua), na lenzi ya Canon ya kisasa ukiifunga juu yake itabaki wazi kabisa, ukapata ukali mwembamba kama unywele.

Njia ya tatu ni kugeuza lenzi nyuma mbele kwa pete ya kugeuzia. Ndiyo nafuu kuliko zote, na ile 18-55mm iliyokuja na kamera ikigeuzwa hukuza kupita 1:1, na kadiri unavyoirudisha kwenye 18 ndivyo inavyozidi kukuza. Gharama yake ni usumbufu. Hakuna fokasi ya moja kwa moja, kioo cha nyuma kinabaki wazi kwa vumbi, na lenzi za Nikon zenye herufi G hujifunga hadi tundu dogo kabisa zikitolewa kwenye kamera, hata huoni kitu. Lenzi ya zamani yenye pete ya tundu inayozungushwa kwa mkono inafaa zaidi, na ukiikuta kwa fundi wa kamera iangalie kwa makini, kwani mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa.

Njia ya nne ni lenzi ya makro halisi, na mwenye uwezo aende huko bila kusita: Canon 100mm f/2.8, Nikon 105mm f/2.8, Tamron 90mm f/2.8, au Laowa 100mm f/2.8 inayofika 2:1. Lenzi hizi zina ukali wa kuaminika hadi pembeni na zinaweza kupiga picha za kawaida pia. Iliyotumika haina ubaya wowote, na toleo la zamani lisilo na kitulizo cha mtikisiko linatosha, maana kwenye 1:1 kitulizo hicho husaidia kidogo sana.

*Onyo:* maandishi ya Macro kwenye lenzi si uthibitisho. Lenzi nyingi za kuvuta (zoom) za 70-300mm zenye maandishi hayo huishia 1:2, na ile Tamron 90mm ya zamani yenye f/2.5 nayo huishia hapo hapo. Tafuta namba ya ukuzaji wa juu kabisa: 1:1 au 1.0x.

4. Nunua mwanga kabla ya kufikiria kamera mpya.

Kwenye 1:1 na tundu la f/8, kina cha sehemu yenye ukali hakifiki milimita moja, kwa hiyo unalazimika kufunga tundu. Tena lenzi inapokuza kiasi hicho, mwanga unaofika kwenye sensa hupungua mara nne, ni kana kwamba f/8 imegeuka f/16. Ukijumlisha na kivuli cha migomba ndani ya kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga), au cha miti ya msitu wa Rau, utaelewa kwa nini picha nyingi za wanaoanza ni za giza au zimetikisika. Jua la adhuhuri nalo si suluhisho, kwani kwetu, karibu na ikweta, hupiga kutoka utosini na kuacha madoa meupe kwenye mgongo wa kila mende.

Jibu ni flashi ya nje inayoweza kurekebishwa nguvu kwa mkono, pamoja na difyuza, yaani kitu cheupe cha kulainisha mwanga. Flashi ikipigwa kwa nguvu ya 1/16 au 1/32 huwaka kwa muda mfupi sana kiasi kwamba mtikisiko wa mkono wako hauonekani. Difyuza ni muhimu kuliko chapa ya flashi. Ifanye pana, isogee karibu kabisa na mdudu, na itandae juu ya ncha ya lenzi. Karatasi nyeupe inayopitisha mwanga au plastiki nyeupe ya chupa ya maziwa iliyokatwa vizuri hutoa mwanga laini usiotofautiana sana na wa vifaa vya kununua. Flashi ndogo iliyojengwa ndani ya kamera haifai, kwa sababu lenzi hukitupia kitu kivuli. Taa za duara za LED za bei ndogo nazo nimeona watu wengi wakizinunua na kuziacha, kwa kuwa mwanga wao hautoshi kusimamisha mdudu anayetembea.

Mwenye kupiga mawe afuate utaratibu tofauti. Tanzanaiti huonyesha bluu au zambarau kulingana na upande unaotazamwa na aina ya taa, kwa hiyo tumia taa mbili za LED zinazodumu kuwaka zenye alama ya CRI (kipimo cha uhalisi wa rangi chini ya taa) 90 au zaidi, zipitishe kwenye karatasi nyeupe, na upange mizani ya rangi kwa mkono ukitumia kadi ya kijivu. Ukiiachia kamera ijipangie rangi, mnunuzi atapokea jiwe lisilofanana na picha, na uaminifu uliojengwa kwa miaka utapotea kwa kifurushi kimoja.

5. Sasa chagua kamera.

Kamera yoyote yenye megapikseli 16 hadi 24 inatosha. Vinavyostahili kulipiwa ni skrini inayokunjuka, kwa sababu utapiga ukiwa umelala chini, uwezo wa kukuza taswira kwenye skrini wakati wa kufokasi, na kikalio cha flashi (sehemu ya juu ya kamera inapochomekwa flashi) kilichokamilika. Hili la mwisho liangalie kwa macho yako: Canon EOS 2000D, 4000D na 250D hazina mguso wa katikati kwenye kikalio hicho, na flashi rahisi zinazotegemea mguso huo peke yake haziwaki kabisa juu yake. Kwa wanaotaka Nikon, mfululizo wa D3000 na D5000 hauna mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi za zamani zitafokasi kwa mkono tu, jambo ambalo kwa makro si hasara.

6. Amua kuhusu tripodi.

Kwa maua, kuvu na mawe, ndiyo, na iwe ile inayoshuka karibu na ardhi. Kwa wadudu wanaotembea itakuchelewesha. Kifuko kilichojazwa maharage kitakufaa zaidi kwenye kisiki au ukuta. Kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye waya mgumu huzuia ua lisipeperushwe na upepo.

7. Kagua vifaa vilivyotumika kabla ya kulipa.

Vifaa vingi vitakavyokufikia vimetumika, viwe vimetoka Kariakoo, Nairobi au kwa mtu wa mjini kwako. Kutana na muuzaji mchana, mahali penye watu, ukiwa na kamera yako. Ondoa vifuniko vyote viwili vya lenzi, fungua tundu lote, kisha umulike kwa tochi kutoka upande mmoja ukitazama kutoka mwingine. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzinyuzi zilizotawanyika kama utando ni kuvu, na lenzi hiyo uiache, hata ikishushwa bei, kwa sababu kuvu huendelea kula kioo na husitawi kwenye unyevu wa mabegi yetu wakati wa masika.

Tazama mabawa ya tundu kama yana mafuta yanayong'aa. Piga picha ya anga kwa f/16 uone madoa ya sensa. Zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho na usikilize mkwaruzo. Usitume fedha kwa simu kabla hujakishika kifaa. Ukinunua Nairobi na kurudi kwa njia ya Namanga, omba risiti na utangaze bidhaa forodhani. Kifaa chenye karatasi zake ni rahisi pia kukiuza baadaye.

8. Jaribu nyumbani.

Weka rula mezani, fokasi karibu kabisa, upige. Hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo, kisha gawa upana wa sensa yako kwa idadi hiyo. Ukiona milimita 12 kwenye sensa ya milimita 24, umefikia 2:1. Baada ya hapo panga kamera kwa mkono: kasi 1/200, tundu f/8 hadi f/11, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 200 au 400, flashi 1/16, faili la RAW (picha ghafi), na fokasi ya mkono. Usizungushe pete ya fokasi kutafuta ukali. Ifunge kwenye ukuzaji unaoutaka, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma taratibu, ubonyeze kitufe cha kupigia picha jicho la mdudu linapoonekana kwa ukali.

Ukitoka, toka mapema. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, hasa Juni na Julai kunapokuwa na baridi, wadudu wa Machame, Tengeru na Usa River huwa bado wazito na hukubali kusogelewa. Kwenye kihamba cha mtu omba ruhusa kwanza, na ndani ya hifadhi za Arusha na Kilimanjaro lipia kiingilio na ubaki kwenye njia. Usimgandishe mdudu kwenye friji wala kumbandika kwa gundi ili atulie.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Picha nzima ni laini, hakuna sehemu kali.* Angalia tundu. Wengi hufunga hadi f/22 wakitafuta kina, lakini mwanga ukipita kwenye tundu dogo kiasi hicho hutawanyika na kuua ukali wote. Rudi f/8 au f/11. Kama kina bado hakitoshi na kitu hakitembei, piga picha kadhaa ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha ziunganishe kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker.

*Mstari mweusi umekata picha.* Kasi yako imezidi uwezo wa flashi. Ishushe hadi 1/200 au chini yake.

*Mdudu anang'aa lakini nyuma ni nyeusi tititi.* Mwanga wa flashi haufiki mbali. Chagua mdudu aliye karibu na jani, weka jani nyuma yake, au pandisha ISO hadi 800.

*Kamera inaonyesha F00 au F-- mahali pa namba ya tundu.* Kamera haiwasiliani na lenzi. Safisha miguso ya pete kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, na uifunge tena mpaka isikike imeshika. Kama pete haina miguso, hakuna cha kurekebisha.

*Pembe za picha ni nyeusi.* Lenzi ya nyongeza imefungwa huku zoom ikiwa fupi mno. Ivute mbele.

*Lenzi imeingia ukungu baada ya kushuka kutoka mlimani hadi joto la Moshi.* Usiifute na usifungue mlango wa lenzi. Iache ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la chumba, kama saa moja au zaidi, ndipo uitoe. Nyumbani hifadhi vifaa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika, ambavyo vikilowa hukaushwa kwa joto na kurudishwa, na usiache lenzi ndani ya mkoba wa ngozi kabatini kuanzia Machi hadi Mei.